Dekodere Moja, Vyumba Viwili

Mardi, tarehe 3, mwezi wa kumi

Sasa hivi binti yangu Aimée amebeba viatu vya Koko wake, vile vya plastiki vya bluu, amekimbia navyo mu kolidoo akiita: "Koko, kimbia! Papa amefika!" Iko na miaka tatu na nusu. Hakuna mutu alimufundisha. Amesikia tu honi ya kamio ya baba yake chini ku barabara, akajua kazi yake. Na huyo Koko, mama yangu, Maman Godelive, mwanamuke mwenye sukari na magoti ya kuvimba, akaamuka ku kiti, akashika ukuta, akakimbia. Mu tele watu walikuwa wanaimba misa. Ameacha wimbo katikati.

Nimecheka kwanza. Kiisha nimeingia mu jikoni, nimekata vitunguu vyenye sikuvihitaji, juu mutu akiniuliza machozi niseme ni vitunguu.

Nianze vizuri, sababu hii kayee ya kuandika siku zangu nimeifungua leo. Kwetu Luhwindja, mu familia ya mama yangu, mwanaume na mama ya bibi yake hawakai mu chumba kimoja. Hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Si chuki, ni heshima. Hapa Bukavu wengi wameacha. Jirani wangu Apolline anakaa na mukwe wake ku meza moja, wanagombania mufupa. Lakini mama yangu alilelewa vile, na Hugues, bwana yangu, aliwaahidi wajomba zangu kwamba atafata. Na anafata. Akirudi na kamio yake imejaa muchele kutoka Luberizi, yeye anakaa mu salon na tele yake kubwa, mama anakaa mu chumba cha nyuma na ukuta.

Mama alikuya mwezi wa munane. Kule Luhwindja alianguka na sukari peke yake mu nyumba, jirani wakamukuta kesho yake saa ine. Munganga akaniambia mbele yake: huyu asikae tena peke yake, na asikae mbali na dawa. Lakini tangu wiki iliyopita mama anasema: "Mireille, mie nitarudi kwangu. Hapa niko kama mbuzi ya kufungwa." Akirudi, nitakuwa mutu wa kungoja simu.

Njo maana nimewaza hivi. Eulalie, dada ya Hugues, wakati alihamia Kavumu alituachia tele ndogo, ya kona iliyopasuka kidogo. Iko chini ya kitanda. Nikiiweka mu chumba cha mama, na ikaonyesha ile ile yenye salon inaonyesha, mama hatakuwa tena na sababu ya kukimbia. Wataangalia pamoja, kila mutu upande wake. Dekodere, ile sanduku yenye inaleta chaneli, tuko nayo moja, na ya pili hatuwezi kulipia kila mwezi. Lazima kuwe na njia ya kugawanya.

Mercredi, tarehe 4

Nimemuambia Hugues. Amesema "fanya" bila kugeuza kichwa. Basi nitafanya.

Samedi, tarehe 7

Nimeshuka Kadutu ku soko na Aimée mu mugongo, mukubwa vile, juu ya matope. Nimeuliza kwa wauzaji wane wa simu na kable. Wa ine, kijana wa miwani, ameniambia: "Mama, hii hapa! Matundu matatu ya HDMI. Tele mbili, dekodere moja, inafanya tatu. Uko na hesabu gani ingine?" Kweli ni tatu. Nimechukua. Nimechukua kale kasanduku, na kable.

Nimerudi ninaimba.

Dimanche, tarehe 8

Giza. Tele kubwa giza, tele ndogo giza. Nimebadilisha kable mara sita. Kale kasanduku kako na kifinyo juu. Nikikifinya, taa ndogo inatoka upande moja inaenda upande ingine, kama mutu anakuangalia kwa jicho la kushoto na kisha la kulia, na haseme kitu.

Mama alikuwa amekaa ku kitanda, amevaa kikwembe kizuri, amejitayarisha. "Si neno, mutoto wangu," akasema. Nachukia akisema si neno.

Mardi, tarehe 10

Kijana wa miwani amekataa kukachukua. "Kanatumika, mama. Ni weye haujui." Mbele ya watu. Nimesikia moto mu masikio.

Pembeni yake kuko muzee moja anatengeneza maradio na matele mu kibanda kadogo kama kabati. Anaitwa Fabien. Ameniita na kidole: "Maman, leta nione." Ameigeuza, ameinusa hata.

"Hii ni ya mutu mwenye dekodere mbili na tele moja. Inachagua yenye inaingia. Weye uko na dekodere moja na tele mbili. Ulinunua njia ya kurudi, na weye unataka kwenda."

"Lakini matundu ni matatu!"

"Hata pua na mudomo ni matundu matatu, maman. Jaribu kula na pua."

Watu wote wamecheka, hata mie. Kitu chenye ninatafuta kinaitwa spliteri. Moja inaingia, mbili zinatoka, na kiko na waya yake ya umeme. Fabien hana leo. Atamuagizia mutu.

Samedi, tarehe 14

Mvua tangu asubui. Nguo hazikauki. Mama ameuliza gari za Mwenga, zenye zinapita kwetu, zinatoka siku gani. Nimejifanya sikusikia.

Jeudi, tarehe 19

Spliteri iko hapa! Nimeiweka nyuma ya tele kubwa mu salon, nimesukuma kable ndefu mu kolidoo mpaka ku chumba cha mama, hatua kumi na saba. Hugues iko Luberizi, kwa hiyo mama alikuwa huru kusimama ku mulango na kunitukana kwa mapendo: "Weye ulikataa kusoma, sasa unataka kuwa ingenieri."

Picha ikatoka. Mama akapiga makofi. Nilihesabu mpaka tano. Kiisha ikajaa nyota nyeupe, kama unga umemwagika juu ya uso wa padri, na ikazima. Ikarudi. Ikazima. Saa moja nzima hivyo. Mu salon picha safi kabisa, HD, unaona mpaka jasho ya mutu. Kwa mama, unga na giza.

Nimempigia Fabien. Amesema njia ni ndefu, picha inafika imechoka. Inaomba kable ya nguvu.

Vendredi, tarehe 20

Hugues amerudi. Aimée: "Koko, kimbia!" Amekimbia.

Mardi, tarehe 24

Hakuna umeme tangu dimanche. Sasa tele mbili zote ziko sawasawa.

Mercredi, tarehe 25

Hakuna.

Samedi, tarehe 28

Umeme ulirudi asubui, Fabien akakuya nyuma yake kama waliongozana. Ameleta kable nene, mita kumi na tano, yenye mushale umechorwa ku kichwa. Akanionyesha: "Hii iko na akili ndani. Inapeleka picha upande wa mushale tu. Kichwa hiki ku spliteri, kile kingine ku tele ndogo. Hapana kinyume." Amepanda mu plafo, kule katikati ya mbao na mabati, na taa ku paji la uso, anapiga misumari, vumbi inaanguka ku vikombe vyangu. Nilimuuliza kama kuna panya. Akajibu: "Kuko familia mbili, maman, na zenyewe hazikimbiane."

Saa kumi picha ikatoka kwa mama. Nikahesabu mpaka tano, mpaka mia. Haikuzima.

Mama hakupiga makofi safari hii. Alikaa, akashika magoti, akaangalia. Aimée akakimbia salon, akakimbia chumba, akakimbia salon, ananiambia: "Mama, yule mutu iko huku, na iko kule!" Nilimuonyesha Mungu asante na kichwa tu, juu mikono ilikuwa na vumbi.

Dimanche, tarehe 29

Siku nzuri. Misa ku tele ya mama, misa ku tele ya Hugues. Padri wa mu tele akasema kitu cha kuchekesha juu ya wanaume wenye wanaingia kanisani wakati wa baraka. Nikasikia Hugues anacheka mu salon, na mama anacheka kule nyuma, wakati moja. Mie nilikuwa mu kolidoo katikati na sahani ya maharagi. Nilisimama pale mpaka ikapoa.

Mercredi, tarehe 1, mwezi wa kumi na moja. Watakatifu Wote

Hugues ameniita. "Mama Aimée, tele yangu inagonjwa?"

"Inagonjwa nini?"

"Angalia majani ya kiwanja cha mupira. Zamani nilikuwa naona jani moja moja. Sasa ni supu ya sombe, yote imepondwa pamoja."

Nimeangalia. Ni kweli. Ile tele alinunua kisha safari za mwaka muzima mu barabara ya Ruzizi, aliibeba mikononi kama mutoto kutoka ku duka mpaka hapa. Nimempigia Fabien mbele yake, sauti kubwa. Fabien amesema: "Spliteri inauliza tele zote mbili, munaweza picha ya namna gani? Kubwa inasema, mie naweza yote. Ndogo inasema, mie zaifu. Basi inatuma ya zaifu kwa zote mbili, juu haijue kusema maneno mawili kwa mara moja."

Hugues amesikia. Amevaa viatu, ametoka.

Nimekasirika. Majani ya kiwanja! Mama yangu anapata kitu cha kuangalia mara ya kwanza tangu miezi mitatu, yeye analilia majani.

Dimanche, tarehe 5

Haya, niandike yote, hata kama ni aibu.

Leo kisha chakula, Hugues alikuwa anafinya telekomande, anatafuta mupira. Unajua vile inapita: habari, katuni, muhubiri, habari. Ikafika ku muziki. Wasichana wanacheza, nguo ni kama walizisahau nyumbani, na kamera iko chini, chini kabisa. Kwa mutu peke yake ni sekunde mbili tu, unapita. Lakini telekomande ikakataa. Batri. Alifinya, akaipiga ku goti, akafinya. Na mu kolidoo sauti ya Aimée ikatoka, sauti ya kengele:

"Papa! Koko amefunika tele na kikwembe!"

Hugues akaruka, akazima dekodere na mukono. Kiisha sauti ya Aimée tena: "Papa, Koko anaomba rozari!"

Sijawahi kuona mwanaume anakuwa mudogo vile ku kiti chake. Alinong'ona: "Mireille, mama yako ameona?"

"Ameona kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Papa Aimée, alifunika. Mutu hafunike kitu chenye hajaona."

Mie nilicheka, Mungu anisamehe. Ningejua, nisingecheka.

Mardi, tarehe 7

Hugues ametoka kisha chakula. Ameacha tele ku chaneli ya misa, sauti chini, hakuna mutu mu salon. Amesema anaenda kwa Gracien, mwenzake wa kamio.

Mercredi, tarehe 8

Kwa Gracien.

Vendredi, tarehe 10

Kwa Gracien. Amerudi na mvua, hakuuliza hata chakula.

Lundi, tarehe 13

Luberizi.

Jeudi, tarehe 16

Amefika saa tisa. Ameweka chaneli ya misa. Amekaa dakika tano, mikono juu ya magoti, kama mutu anangoja ku hospitali. Kwa Gracien.

Apolline ameniambia kwa ukuta: "Mwanaume mwenye anakimbia tele yake mwenyewe, angalia vizuri kwenye anakimbilia." Nilimuambia aangalie sufuria yake, inaungua. Ilikuwa inaungua kweli. Lakini neno limebaki na mie.

Samedi, tarehe 18

Nimekuta mama anapanga nguo. Anazikunja, anazipiga na mukono, anaziweka mu mufuko wa begani.

"Mama, ni nini hii?"

"Kaa, Mireille."

Nimekaa. Tele ndogo ilikuwa inaonyesha watu wanaomba, sauti hakuna.

"Kabla ya hii kitu yako, mie njo nilikuwa nakimbia," akasema. "Mukwe akifika, mie ninaingia huku. Si neno. Mie ni mugeni. Sasa tangu uliweka hii, mie niko nakaa na yeye njo anakimbia. Nimehesabu. Siku saba amefika, siku saba ametoka. Mwanamuke mwenye anafukuza mwanaume wa binti yake mu nyumba yake, anaitwaje? Hata mie sijui jina, juu kwetu hajawahi kuwa."

"Haukufukuza mutu, mama! Anaenda kunywa na Gracien!"

"Basi mie njo nimemutuma kwa pombe."

"Na sukari? Na munganga?"

"Sukari ni yangu. Aibu ni yetu sote." Akafunga mufuko. "Maharagi yangu kule yanakaribia kuvunwa, Colette hawezi peke yake. Lundi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, nitapanda gari ya Mwenga. Usiniombee mutu. Usilie mbele ya mutoto."

Colette ni dada mudogo wa mama, anakaa kilima kingine, saa mbili kwa miguu. Saa mbili, wakati sukari inashuka kwa dakika kumi.

Nimerudi salon, nimeangalia ile spliteri na taa zake mbili za kijani, moja kwa kila tele, nimetaka kuitupa mu Ruzizi. Nimebeba kitu na mikono yangu miwili kwa kumubakisha, na njo kitu chenye kinamuondoa.

Lundi, tarehe 20

Mvua ya nguvu, sahani ya juu ya nyumba haikamate kitu. Imeandikwa "hakuna signal" kwa herufi kubwa salon, na kwa mama pia. Aimée ameuliza signal ni nani na amekwenda wapi.

Jeudi, tarehe 23

Kwa Gracien.

Vendredi, tarehe 24

Nimejaribu kuongea na mama. Anaongea juu ya maharagi.

Mardi, tarehe 28

Mama ameniomba nimusukie nywele kwa safari. Nimesuka pole pole. Nimekosea makusudi, nimefumua, nimeanza tena. Amejua.

Jeudi, tarehe 30

Leo nimepasuka. Hugues ameingia, ameweka chaneli ya misa, ameshika viatu. Nimesimama ku mulango wa baraza.

"Leo hautoke."

"Mama Aimée, acha nipite."

"Mama yangu anaondoka lundi sababu yako! Ataenda kufa kule peke yake sababu weye unataka pombe, unataka majani ya kiwanja, unataka mabinti wa kamera ya chini!"

"Ongea pole pole, anasikia."

"Asikie! Anasikia kila siku viatu vyako vinatoka!"

Akaweka viatu chini. Akakaa ku ngazi ya baraza, mvua inamupiga magoti, hajivute. Nilifikiri atanitukana. Nilitaka anitukane.

"Pombe?" akasema. "Muulize Gracien kama nimekunywa chupa moja. Ninakaa mu kamio yake, tunasikiliza redio. Mireille, unawaza mie ninamukimbia mama yako? Nikishika ile telekomande, nikifinya, kitu kinabadilika mu chumba chake. Mu chumba chenye iko na kitanda chake. Kila nikifinya, ni kama ninaingia bila kugonga mulango. Tangu ile siku ya dimanche, kidole changu kinaogopa. Na nikikaa bila kufinya, anajua niko pale, anajua ninajizuia. Njo ninatoka. Ninamuachia chaneli ya Mungu, ninatoka. Niliona hii njo heshima."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulifurahi sana na kable yako."

Miezi miwili nimemuandika humu kama mutu mwenye hajali, na yeye alikuwa anakaa mu kamio iliyozimwa, anasikiliza mupira bila kuuona. Nimerudi nyuma mu hii kayee nimesoma "kwa Gracien, kwa Gracien", na ni sauti yangu yenye ilinichukiza.

Tulikaa wote wawili ku ngazi. Kiisha nikamuuliza, juu ya kuuliza tu: "Na kama ni mama njo anafinya?"

Akageuka. "Telekomande haipite ukuta."

"Basi dekodere iende kwake. Yeye akifinya, anakutumia weye. Hautaingia kwake. Ni yeye anakuletea ku salon."

Akapangusa maji yenye inashuka ku pua yake.

"Dekodere yangu," akasema, "mu chumba cha mama mukwe."

"Ndiyo."

"Gracien asijue."

Samedi, tarehe 2, mwezi wa kumi na mbili

Mikono inauma, nitaandika vile naweza.

Hugues hawezi kuingia mu chumba cha mama, na kitanda kiko pale. Kwa hiyo yeye akapanda mu plafo, na mie njo nikawa mikono yake chini. Mama tulimuambia tunatengeneza umeme. Alikaa ku kiti kadogo karibu ya kitanda, mufuko wake wa safari ku miguu.

Waya ya sahani inapita juu ya chumba chake kabla ya kufika salon, Hugues akaikata pale, akaiteremusha kwa katundu. Mie nikahamisha dekodere, nikahamisha spliteri. Nikaweka kable fupi ku tele ndogo, picha ikatoka hapo hapo. Kable ya Fabien nikaiingiza ku tundu la pili la spliteri, nikakimbia salon, nikaingiza kichwa kingine ku tele kubwa. Giza.

Nikatoa, nikaingiza. Giza. Nikapuliza. Giza. Juu ya kichwa changu Hugues anatembea kwa magoti, mbao zinalia. "Imetoka?" "Hapana!" "Na sasa?" "Hapana!" Mvua ikaanza ku mabati, hatusikilizane tena. Nilikaa chini mbele ya tele kubwa, nikapiga ngumi ku sakafu. Saa nane, na gari ya Mwenga inaondoka lundi asubui, na mie ninapigana na kamba.

Nikashika kile kichwa, nikakigeuza, nikaona mushale. Ulikuwa unatoka salon, unaenda kwa mama. Njia ya kurudi!

"Hugues! Mushale!"

"Nini?"

"Kable inaangalia kinyume! Inatakiwa ugeuze yote!"

Neno alilosema sitaliandika. Akang'oa misumari ya Fabien moja moja, mita kumi na tano, akageuza kable yote mu vumbi na mu mikojo ya panya, akapigilia tena. Mie nikakimbia kwa mama nikaingiza kichwa ku spliteri, nikakimbia salon nikaingiza kile kingine. Nilikuwa bado ninasukuma, mvua imepungua, wakati nikasikia sauti ya Hugues kutoka juu, juu kabisa ya chumba cha mama. Aliwaza mie niko kule.

"Ku spliteri, taa ngapi?"

Sikuweza kujibu, nilikuwa mbali. Na nikasikia sauti ya mama yangu, ya wazi, kama mutu anajibu misa:

"Moja."

Mbao zikanyamaza. Mvua peke yake. Miaka tano tangu ndoa, hawajawahi kupana hata neno moja. Mie nilikuwa na kichwa cha kable mukononi. Niliwaza: sasa imeharibika yote, atatoka na mufuko wake leo leo, hata bila gari.

Kiisha Hugues, pole pole:

"Asante, mama. Kable isogezwe kidogo, isukumwe ndani?"

"Mie nisukume?"

"Kama mama anaweza."

Nikasikia kiti kinasogea. Na mie nikasukuma upande wangu kwa nguvu.

"Na sasa, mama?"

"Mbili," akasema. "Papa Aimée, ni mbili."

Na mbele yangu tele kubwa ikawaka.

Nikarudi mu kolidoo. Mama alikuwa amesimama mbele ya spliteri, uso umeinuliwa ku plafo, kikwembe ku kichwa kimejaa vumbi yenye Hugues alimwagia. "Sikumuona," akaniambia haraka, kama mutoto mwenye ameshikwa. "Sikumuona, Mireille. Kulikuwa mbao katikati."

"Ndiyo, mama. Kulikuwa mbao."

Nikamupa telekomande. Akaipokea na mikono miwili.

Dimanche, tarehe 3

Kisha misa. Nilifikiri leo nitapumuzika. Hapana. Picha mu salon bado ni supu, HD hatuna na hatutakuwa nayo mpaka tele ndogo ife. Na mama hajui namba za chaneli, anafinya moja moja kutoka mwanzo, na Hugues mu salon anapita pamoja naye mu chaneli zote za dunia, hata za lugha zenye hakuna mutu anajua. Akifika ku muziki, anafinya haraka kama anaua mubu. Akafika ku mupira, akaacha. Akaniita: "Ni hii njo anapenda?" Nikasema ndiyo. "Basi aangalie nusu. Nusu ya pili ni ya filamu yangu." Nikaenda kumuambia Hugues, naye akasema, bila viatu, miguu juu ya kiti: "Muambie mama, nusu ya kwanza iko dakika makumi ine na tano, asinidanganye." Nikarudi. Nikaenda tena. Miguu yangu njo spliteri.

Juu ya gari ya kesho, sikuuliza. Niliogopa kuuliza. Lakini sasa hivi, wakati ninamuletea dawa yake, amesema bila kuacha kuangalia tele: "Mupigie Colette. Muambie maharagi ayavune na watoto wake, wagawane. Mie huku niko na kazi." Nimesema ndiyo mama, kama ni kitu kidogo. Nimeingia mu jikoni na vitunguu. Sasa ninataka kwenda kufungua ule mufuko, nitoe nguo zote, nizitundike ku musumari kabla hajageuza mawazo, na nimuombe Aimée asiite tena "Koko, kim

Hugues ananiita. "Mama Aimée! Kimbia umuulize mama, ni nani amefinya wakati wa penalti, na arudishe!" Ninakimbia.